William Harvey na Mzunguko wa Damu

1. Swali la kuanzia

Katika somo lililopita mlijifunza ya kuwa moyo ni msuli wenye vyumba vinne. Upo kifuani, kati ya mapafu mawili, nao huelekea kidogo upande wa kushoto. Mlijifunza pia kwamba ateri ni mishipa itoayo damu moyoni, na vena ni mishipa irudishayo damu moyoni. Leo mambo hayo huandikwa ubaoni kwa mistari miwili tu. Lakini ilimchukua mwanadamu karne nyingi kuyajua, na mtu aliyeyathibitisha alipata hasara kwa kuyatangaza.

Fikirini kwanza juu ya jambo hili. Mtu mzima anashikwa ghafla na maumivu makali ya kifua. Jamaa zake wanampeleka hospitali. Daktari anausikiliza moyo wake, anampima kwa mashine ionyeshayo umeme wa moyo, kisha anaagiza atolewe damu. Damu hiyo haitolewi moyoni. Hutolewa katika vena ya mkono, mahali mkono unapokunjika. Baada ya kupimwa katika maabara, damu hiyo humsaidia daktari kujua kama moyo umedhurika.

Mkono uko mbali na moyo. Yawezekanaje basi damu ya mkononi ikaeleza habari za moyo? Jibu la swali hili lilianza kupatikana karibu miaka 400 iliyopita, kwa kazi ya tabibu Mwingereza aliyeitwa William Harvey. Katika somo hili tutasoma maisha yake na njia aliyoifuata hata akalipata.

2. Mafundisho ya kale juu ya damu

Kwa muda wa miaka zaidi ya 1,400, matabibu wengi wa Ulaya na wa nchi za Kiarabu walifuata mafundisho ya Galen. Galen alizaliwa mwaka 129 katika mji wa Pergamo, ambao leo uko katika nchi ya Uturuki. Alikuwa tabibu hodari. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba ateri zimejaa damu, ingawa watu wa kabla yake walidhani zimejaa hewa. Lakini Galen alijifunza kwa kupasua wanyama, wala hakupata nafasi ya kuchunguza vizuri miili ya watu.

Galen alifundisha kwamba chakula hugeuzwa kuwa damu katika ini. Damu hiyo hutoka katika ini, hupita katika vena, na kufika katika kila kiungo. Huko hutumika ikaisha, kama maji yanyonywavyo na mmea, na ini hutengeneza nyingine. Alifundisha pia kwamba damu kidogo hupenya ukuta wa katikati ya moyo, toka upande wa kulia kwenda upande wa kushoto, kwa kupitia matundu madogo yasiyoonekana.

Wanafunzi wa Mbugani, katika Wilaya ya Kyela, wanaijua mito kama Kiwira na Mbaka. Maji ya mito hiyo hushuka kutoka katika milima ya Rungwe, hupita katika nchi ya tambarare yenye mashamba ya mpunga na kakao, kisha huingia katika Ziwa Nyasa. Mtu akisimama darajani huyaona maji yakienda, lakini hayaoni yakirudi. Hivyo ndivyo watu wa kale walivyoifikiria damu. Kwao ilikuwa kama mto uendao upande mmoja tu.

Alikuwapo mtu mmoja aliyelikataa mapema fundisho la matundu ya moyo. Huyo ni Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa karibu na Dameski mwaka 1213 na kufanya kazi katika mji wa Kairo, Misri. Mwaka 1242 aliandika kwamba ukuta wa katikati ya moyo ni mnene wala hauna matundu. Alieleza ya kuwa damu hutoka upande wa kulia wa moyo, huenda katika mapafu, na kutoka huko hurudi upande wa kushoto. Alisema kweli. Lakini maandiko yake yalisahauliwa kwa karne nyingi, mpaka daktari mmoja Mmisri alipoyagundua tena katika maktaba ya Berlin, Ujerumani, mwaka 1924.

3. Utoto na masomo ya Harvey

William Harvey alizaliwa tarehe 1 Aprili 1578 katika Folkestone, mji mdogo wa pwani ya kusini-mashariki ya Uingereza. Baba yake, Thomas Harvey, alikuwa mfanyabiashara. Mama yake, Joan, alizaa watoto tisa, na William alikuwa wa kwanza.

Alisoma shule katika mji wa Canterbury, na mwaka 1593 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Alipomaliza alitamani kusomea utabibu mahali palipokuwa na walimu bora wa elimu ya mwili. Kwa hiyo karibu mwaka 1599 alisafiri mpaka Padua, Italia. Chuo Kikuu cha Padua kilikuwa na ukumbi maalumu wa kufundishia elimu ya mwili. Maiti iliwekwa mezani chini kabisa, na wanafunzi walisimama katika safu sita za duara, moja juu ya nyingine, wakitazama chini huku mwalimu akipasua na kueleza.

Mwalimu wake mkuu alikuwa Fabricius. Mzee huyu aliwaonyesha wanafunzi wake vikunjo vidogo ndani ya vena, mfano wa vifuniko. Leo tunaviita vali. Fabricius alidhani kwamba kazi ya vali ni kupunguza mwendo wa damu ili isijae miguuni. Harvey alimheshimu sana mwalimu wake, lakini jambo moja lilimkaa moyoni. Vali zote zilifunguka kuelekea upande wa moyo. Kama damu ya vena ilitoka katika ini kwenda mikononi na miguuni, kwa nini ilipita katika milango iliyojifunga mbele yake?

Tarehe 25 Aprili 1602 Harvey alipewa shahada ya utabibu, akarudi kwao.

4. Tabibu na mchunguzi

Harvey alifanya kazi katika jiji la London. Mwaka 1604 alimwoa Elizabeth, binti wa tabibu wa mfalme. Hawakujaliwa kupata watoto. Mwaka 1609 akawa tabibu wa Hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo, iliyowatibu maskini wa jiji. Baadaye akawa tabibu wa Mfalme James wa Kwanza, na kisha wa mwanawe, Mfalme Charles wa Kwanza.

Kazi hizo hazikumzuia kuchunguza. Alichunguza mioyo ya mbwa na nguruwe. Aliona kwamba moyo wa mnyama mwenye damu ya moto hupiga upesi mno, hata jicho haliwezi kutofautisha tendo moja na jingine. Kwa hiyo akageukia wanyama ambao mioyo yao hupiga polepole, kama vile vyura, nyoka na samaki. Alichunguza pia kamba wadogo wa mtoni, ambao miili yao huangaza kama kioo, hata moyo wao huonekana ukipiga ndani.

Kwa kutazama hivyo alijifunza kwamba moyo hufanya kazi unapojikaza. Unapojikaza huwa mgumu, kama msuli wa mkono uinuao mzigo, na damu husukumwa nje. Wakati uo huo ateri huvimba, nasi huhisi pigo katika kifundo cha mkono. Kumbe moyo ni pampu.

Katika uchunguzi mmoja alitumia nyoka hai. Alipoubana mshipa uletao damu moyoni, moyo ulisinyaa na kubadilika rangi, kwa kuwa haukupata damu. Alipouachia, moyo ulijaa tena. Kisha aliubana mshipa mkubwa utoao damu moyoni. Safari hii moyo ulivimba, ukawa wa rangi ya zambarau iliyokoza, kama utakaopasuka. Hivyo aliona kwa macho yake njia ya kuingilia na njia ya kutokea.

5. Hesabu iliyoshinda mazoea

Kutazama hakukumtosha Harvey. Alipima na kuhesabu. Jambo hili lilikuwa geni miongoni mwa matabibu wa siku zile.

Alipima damu iliyomo katika chumba cha chini cha kushoto cha moyo wa maiti. Kisha akakisia ni kiasi gani hutoka kila moyo unapopiga. Kwa makusudi alichagua kiasi kidogo, ili asije mtu akasema amezidisha. Katika mfano mmoja alichukua nusu aunsi, yaani karibu gramu 15, na mapigo 1,000 katika nusu saa. Jibu lilikuwa aunsi 500. Uzito huo unazidi kilo 14, nao ni mkubwa kuliko damu yote iliyomo mwilini mwa mtu.

Leo tunajua kwamba Harvey alikisia kidogo mno. Tufanye hesabu hiyo kwa vipimo vya sasa. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hutoa karibu mililita 70 kila unapopiga, nao hupiga karibu mara 70 kwa dakika.

Mililita 70 x 70 = mililita 4,900, yaani karibu lita 5 kwa dakika.
Lita 5 x 60 = lita 300 kwa saa.

Debe moja likichukua lita 20, lita 300 ni madebe 15. Kama damu ingekuwa inaenda bila kurudi, ini lingepaswa kutengeneza madebe 15 ya damu mpya kila saa. Ni mtu gani awezaye kula chakula cha kutosha kutengeneza damu hiyo? Na damu hiyo yote ingewekwa wapi? Mtoto wa Kyela anajua kwamba mto uletao maji mengi kuliko yawezayo kupita hufurika na kufunika mashamba. Mwili nao ungevimba hata kupasuka. Lakini mwili hauvimbi. Mtu mzima ana karibu lita 5 tu za damu, leo na kesho.

Harvey aliona kwamba jibu ni moja. Damu itokayo moyoni ndiyo ile ile irudiyo moyoni. Inazunguka. Aliifananisha na maji ya mvua. Tukitumia mfano wa kwetu, maji ya Ziwa Nyasa hugeuka mvuke kwa joto la jua, huwa mawingu, hunyesha juu ya Rungwe na milima ya Livingstone, kisha hushuka tena mitoni mpaka ziwani. Mtu atazamaye daraja moja tu hawezi kuuona mzunguko huo. Ni lazima aufuatilie wote.

6. Kamba mkononi

Ilibaki kuthibitisha jambo hili katika mwili wa mtu aliye hai. Harvey alifanya hivyo bila kumpasua mtu.

Alimfunga mtu kamba juu ya kiwiko, akaikaza sana. Pigo la kifundo cha mkono lilitoweka, na kiganja kikaanza kuwa baridi. Damu ya ateri ilizuiliwa isishuke. Kisha aliilegeza kamba kidogo tu. Mara pigo lilirudi, kiganja kikapata joto, na vena za chini ya kamba zikavimba. Vena za juu ya kamba hazikuvimba. Maana yake ilikuwa wazi. Ateri, zilizo ndani zaidi, ziliachiwa kupitisha damu kwenda kiganjani. Vena, zilizo karibu na ngozi, bado zilibanwa, na damu iliyokuwa ikirudi moyoni ilikwama chini ya kamba.

Alichunguza pia vali alizoonyeshwa na Fabricius. Alibonyeza vena iliyovimba kwa kidole, akaisukuma damu kuelekea upande wa moyo. Ilikwenda kwa urahisi. Alipojaribu kuirudisha upande wa kiganja, vali ziliizuia. Swali alilolichukua Padua lilipata jibu. Vali ni milango, na milango hiyo huiruhusu damu kwenda upande mmoja tu, yaani upande wa moyo.

7. Kitabu kidogo na upinzani mkubwa

Harvey alianza kufundisha matabibu wenzake juu ya moyo mwaka 1616. Hata hivyo hakufanya haraka kuandika. Alirudia uchunguzi wake na kuwaonyesha wenzake kwa muda wa miaka mingi. Mwaka 1628, alipokuwa na umri wa miaka 50, kitabu chake kilichapwa katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Kiliandikwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati ule, nacho kilikuwa na kurasa 72 tu. Kilieleza mwendo wa moyo na damu katika wanyama.

Matabibu wengi hawakukipokea vizuri. Walikuwa wamesoma Galen tangu ujana wao, na wengine waliona kwamba kumsahihisha ni ufidhuli. Tabibu mashuhuri wa Paris, Jean Riolan, alimpinga kwa miaka mingi. Wagonjwa nao waliingiwa na hofu. Mtu aliyemfahamu Harvey aliandika baadaye kwamba baada ya kitabu hicho kutoka, wagonjwa wake walipungua sana, na watu wa kawaida wakamdhania kuwa amerukwa na akili.

Harvey hakuwatukana wapinzani wake. Mara nyingi alinyamaza na kuendelea na kazi. Mwaka 1649, miaka 21 baada ya kitabu kutoka, alimjibu Riolan kwa maandishi, akaeleza tena yale aliyoyaona na jinsi mtu mwingine awezavyo kuyaona. Polepole matabibu vijana walijaribu wenyewe mambo aliyoyaeleza, wakakuta ni kweli. Harvey alibahatika kuishi mpaka akaona mafundisho yake yakikubaliwa na wengi.

8. Kijana aliyeonekana moyo

Karibu mwaka 1641 Mfalme Charles alipata habari za kijana mmoja wa ukoo wa kitajiri kutoka Ireland, jina lake Hugh Montgomery. Alipokuwa mtoto alianguka akavunjika mbavu za kushoto. Jeraha lilipona, lakini liliacha tundu kubwa kifuani. Kijana alilifunika tundu hilo kwa kibati ili lisiumizwe, akaendelea kuishi na kusafiri kama watu wengine.

Mfalme alimtuma Harvey kumchunguza. Harvey aliingiza vidole vyake taratibu, akaugusa moyo wa mtu aliye hai ukipiga. Mkono mmoja akauweka moyoni, na mwingine katika kifundo cha mkono wa kijana. Alihakikisha kwamba moyo unapojikaza ndipo pigo huhisiwa mkononi. Tena aliona kwamba kijana hakuhisi kuguswa moyo wake. Harvey alimpeleka kwa mfalme ili naye ajionee.

9. Vita, uzee na jambo asiloliona

Mwaka 1642 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Uingereza, kati ya mfalme na bunge. Harvey alifuatana na mfalme. Wakati huo makao yake London yaliporwa, na maandishi yake mengi yakapotea, pamoja na uchunguzi wake wa miaka mingi juu ya wadudu. Inasemekana kwamba hasara hiyo ilimhuzunisha kuliko zote alizozipata maishani.

Hata hivyo aliendelea kuchunguza. Alisoma jinsi kifaranga kinavyokua ndani ya yai, na mwaka 1651 akatoa kitabu kingine juu ya uzazi wa wanyama. Chama cha matabibu wa London kilimchagua kuwa rais wake mwaka 1654, lakini alikataa kwa sababu ya uzee. Alifariki dunia tarehe 3 Juni 1657, akiwa na umri wa miaka 79.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Harvey hakuliona kamwe. Alijua kwamba damu hutoka katika ateri ikaingia katika vena, lakini hakuona inapitia wapi. Aliamini kwamba njia ipo, kwa kuwa hesabu na majaribio yake vilidai iwepo. Mwaka 1661, miaka minne baada ya kifo chake, Marcello Malpighi wa Italia alitazama mapafu ya chura kwa hadubini. Aliona mishipa myembamba mno iunganishayo ateri na vena. Mishipa hiyo ndiyo kapilari. Mzunguko wote ukawa umekamilika kuonekana.

10. Damu ya mkononi na habari za moyo

Sasa turudi kwenye swali letu la kuanzia. Damu huzunguka mwili mzima kwa muda wa dakika moja hivi. Kwa hiyo damu iliyoko mkononi mwako sasa, muda mfupi uliopita ilikuwa moyoni. Ikiwa kitu fulani kimemwagika kutoka moyoni na kuingia katika damu, kitu hicho kitafika mkononi pia.

Moyo wenyewe una ateri zake ziulishazo. Ateri mojawapo ikizibwa, sehemu ya msuli wa moyo hukosa oksijeni. Isipotibiwa upesi sehemu hiyo huanza kufa. Seli zake hupasuka, na vitu vilivyokuwamo ndani yake huvuja na kuingia katika damu. Mtaalamu wa maabara huvitafuta vitu hivyo.

Mwaka 1954 watafiti wa Marekani walieleza kwamba kimeng'enya kimoja huongezeka katika damu ya watu ambao msuli wa moyo wao umekufa. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini kimeng'enya hicho kimo pia katika ini na katika misuli mingine, hivyo kiliweza kumkosesha daktari. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vilianza kutengenezwa vipimo vya protini iitwayo troponini. Troponini husaidia msuli kujikaza. Ile ya moyo ina umbo lake, tofauti na ile ya misuli ya mikono na miguu. Ikionekana nyingi katika damu, daktari hujua kwamba inatoka moyoni.

Troponini haipandi papo hapo. Huanza kuongezeka saa chache baada ya moyo kudhurika, na huweza kubaki juu kwa siku kadhaa. Kwa sababu hiyo mgonjwa hutolewa damu zaidi ya mara moja, na majibu hulinganishwa. Ikiwa kiasi kinapanda au kinashuka, madhara ni ya karibuni. Kwa kawaida kiasi kikiwa kikubwa sana, sehemu iliyodhurika ni kubwa pia. Lakini maradhi mengine, kama yale ya figo, huweza kuongeza troponini. Hivyo daktari hulinganisha kipimo cha damu na maelezo ya mgonjwa na kipimo cha umeme wa moyo. Yeye pia, kama Harvey, hupima na kulinganisha kabla ya kuamua.

Katika nchi yetu, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2015 kwa ajili ya matibabu ya moyo. Mgonjwa wa Kyela ahitajiye uchunguzi mkubwa huweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Kumbukeni kwamba kila dakika ateri ya moyo inapokuwa imezibwa, msuli zaidi hufa. Mkimwona mtu mzima nyumbani ameshikwa na maumivu ya kifua, jasho jembamba na kukosa pumzi, waiteni wakubwa mara moja ili apelekwe hospitali. Msingoje mpaka kesho.

Mkipata nafasi ya kumwona mtaalamu wa maabara akitoa damu, mtazameni vizuri. Kwanza hufunga mpira juu ya kiwiko, lakini haukazi kupita kiasi. Vena za chini ya mpira huvimba, ndipo aingize sindano. Jambo hilo ndilo lile alilolionyesha Harvey kwa kamba yake.

11. Majaribio

Onyo: Usifunge kamba mkononi mwako wala mwa mwenzako.

Jaribio la kwanza. Kaa ukiwa umetulia. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa dakika moja, uandike. Kisha ruka mahali ulipo kwa dakika mbili, uhesabu tena. Linganisha majibu.

Jaribio la pili. Mwombe babu au mtu mzima mwingine ambaye vena za mikono yake huonekana akuruhusu kuitazama mojawapo. Aushushe mkono wake chini kidogo. Bonyeza vena polepole kwa kidole kimoja karibu na kifundo, na usikiondoe. Kwa kidole cha pili isukume damu kuelekea kiwiko, kisha kiondoe kidole hicho cha pili. Je, sehemu ya vena iliyo kati inajaa? Sasa kiondoe kidole cha kwanza. Unaona nini?

12. Maswali

1. Galen alifundisha kwamba damu hutengenezwa wapi? Baada ya hapo iliendaje?
2. Ibn al-Nafis alisema nini juu ya ukuta wa katikati ya moyo?
3. Kwa nini Harvey alichunguza vyura, nyoka na samaki badala ya mbwa peke yao?
4. Moyo wa mtu hutoa mililita 60 kila unapopiga, nao hupiga mara 80 kwa dakika. Hutoa lita ngapi kwa saa moja?
5. Eleza kwa nini vena za chini ya kamba zilivimba Harvey alipoilegeza kamba kidogo.
6. Malpighi aliona nini ambacho Harvey hakukiona?
7. Kwa nini damu ya mkononi huweza kuonyesha kama moyo umedhurika?
8. Kwa nini mgonjwa wa moyo hutolewa damu zaidi ya mara moja?
9. Chora mchoro wa mzunguko wa damu. Onyesha moyo, mapafu, ateri, vena na kapilari.